Siku Niliyomwambia Kapteni Karibu

Kiwanjani, alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukinywa uji umesimama, mkono mmoja kikombe na mkono mwingine pasi, na sasa uko Mtanda kwa shangazi zako unaagwa, na bila shaka umeshalishwa kuliko inavyofaa mtu anayesafiri kesho. Hali yangu utaiona humu humu.

Naandika nikiwa kwenye kibanda. Ndege ya leo ilikuja saa nne, ikashusha wageni wawili wenye kamera, ikaondoka. Nyingine haiji mpaka Alhamisi. Nimekwisha kuikagua njia na kufukuza mbuzi, na sasa hapana sauti isipokuwa kamba ya mfuko wa upepo inayogonga mlingoti. Umekua ukiisikia sauti hiyo. Mimi leo nimeisikia kama ngeni.

Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua iwe na jambo moja, na jambo hilo lisemwe kabla msomaji hajachoka. Sikufika mbali na shule, ila nilichofundishwa nilikishika. Basi jambo langu ni hili. Siku ile ndege ya Kapteni Sudi ilipopitiliza kiwanja na kuingia mtaroni, watu wote, na wewe ukiwamo, waliambiwa kwamba mimi nilimwonya kuwa njia imelowa, na yeye hakusikiliza. Sikumwonya. Nilijua imelowa, na nikamwambia karibu.

Nimeliandika. Nimetoka nje nikasimama kidogo, nimerudi, bado limo.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala dawa, wala namna ya kukaa na watu nchi ya watu. Hayo umeyasikia wiki nzima, na tangu juzi unanijibu kabla sijamaliza. Miaka miwili ya chuo cha urubani utajifunza mambo ambayo mimi siwezi hata kuyatamka. Lakini hili la kiwanja chetu hawawezi kukufundisha huko, kwa sababu anayelijua ni mimi peke yangu.

Ningeweza kukuacha uende bila kulijua. Nilidhani hivyo ndivyo nitakavyofanya. Kilichonizuia ni neno lako mwenyewe. Ulikuwa kidato cha pili, Kapteni alikuwa amekuja kukuletea kile kitabu chake cha hali ya hewa, chenye jalada lililofungwa kwa gundi. Alipoondoka ulikuwa unaosha vikombe, ukasema, "Mama, Kapteni nampenda. Ila mimi nikiwa rubani, nikiambiwa njia imelowa, nitasikia."

Nikakujibu, "Haya rubani, vikaushe na vikombe."

Ukacheka. Mimi nikaingia chumbani nikakaa kitandani mpaka ulipokuja kuniuliza kama naumwa.

Unaona shida yangu, mwanangu. Unakwenda kurusha ndege na funzo moja kubwa kifuani, na funzo hilo nimekupa mimi, na ni la uongo. Unaamini kwamba rubani huambiwa ukweli kila mara, na kazi yake ni kusikia tu. Siku moja utakuwa juu ya kiwanja kidogo kama hiki, na mtu wa chini atakwambia njoo, na utakuja kwa sababu mama yako ni mtu wa chini na unadhani watu wa chini wako kama unavyomdhani mama yako.

Sasa nikusimulie kama ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa ameshakwenda Mtwara kwenye kazi za gesi na ameshapata nyumba nyingine huko, kwa hiyo tulikuwa wawili, na siku za ndege tulikuwa watatu, maana Kapteni Sudi alikuwa akingoja abiria wake hapa saa mbili, saa tatu, na hakuwa mtu wa kulala kwenye kiti. Yeye ndiye aliyekufundisha kusimamisha baiskeli. Utakumbuka ile ya kijani. Alikupeleka jiwe la kwanza, katika yale mawe yaliyopangwa kando ya njia ya ndege, akakuambia uje mbio kisha usimame kwenye jiwe la pili, na wewe ukabana breki kwa nguvu zako zote, gurudumu la nyuma likakwama, ukaja unaburura vumbi upande upande mpaka ukamwangukia miguuni.

"Rubani wangu huyu," akasema, "atasimamishwa na minazi."

"Breki mbovu," ukamwambia.

"Breki nzima. Wewe ndiye mwenye hasira. Tairi likiacha kuzunguka halishiki tena, linateleza tu kama kiatu kwenye sabuni. Bana taratibu, ongeza, ongeza. Ukisikia linateleza, liachie kidogo lizunguke, kisha bana tena. Na uanze mapema. Usingoje kuliona jiwe limefika."

Mkarudia mpaka jua likawa kichwani. Mimi nilikuwa hapa mlangoni nachambua mchele, nikawa najifunza na mimi. Ndivyo nilivyosoma urubani wangu wote, kwa kusikiliza mtu akimfundisha mtoto baiskeli.

Alikuwa na desturi yake kwenye redio, nayo utaikumbuka. Marubani wengine husema majina ya ndege zao na namba zao. Yeye akishamaliza hayo, akiwa karibu, alisema, "Hodi kiwanjani." Nami nilimjibu, "Karibu." Tulianza kwa mzaha, ikawa ndiyo namna yetu ya kazi. Na wewe umelelewa pwani, unajua kwamba hodi haina majibu mawili. Hata mtu akikukuta huna cha kupika, hata ukiwa na msiba, hodi ikipigwa unasema karibu, kisha ndiyo unatafuta la kufanya. Bibi yako aliwahi kunichapa nikiwa mdogo kule Songo Mnara kwa sababu nilimwambia mgeni mlangoni kwamba mama amelala. Alikuwa amelala kweli.

Siku ile mvua ilinyesha alfajiri, nzito, kisha ikakatika ghafla. Nilipanda baiskeli mpaka mwisho wa kiwanja, upande wa bahari. Unaujua ule mwisho, kuanzia jiwe la saba ardhi inashuka na changarawe imekwisha, kuna udongo wa mfinyanzi. Nilivua ndala nikaukanyaga kwa kisigino kama ninavyofanya siku zote. Kisigino kikazama mpaka kifundo. Nikahamia upande wa pili, vivyo hivyo. Nikarudi na tope mpaka kwenye mashavu ya miguu, na wewe ndiye uliyenimwagia maji kwa kopo, hapo hapo kwenye ngazi ya kibanda. Ukasema, "Mama umevaa soksi."

Sijui kama unalikumbuka hilo. Miaka yote nimekuwa nikikutazama usoni nione kama unalikumbuka. Hukuwahi kuuliza, na mimi sikuthubutu kukuuliza kama una la kuuliza.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa nyepesi. Katika kabati hili lililo mgongoni mwangu kuna vitambaa viwili vyekundu, kila kimoja kirefu kama mkeka wa msikitini. Njia ikiwa haifai, natakiwa nivitandike katikati ya kiwanja, kimoja juu ya kingine kwa kukatana, ili aliye juu aone na aende zake. Kisha niseme kwenye redio. Nilifungua kabati, nikavishika, nikavirudisha.

Aliyekuwa anakuja ni daktari wa macho. Alikuwa na wauguzi wawili na masanduku ya vifaa, na watu wenye mtoto wa jicho walikuwa wameshapanga foleni hospitalini tangu jana yake, wengine wameletwa kwa machela kutoka milimani. Na Bibi yako alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amevuka kwa boti kutoka Songo Mnara akiwa ameshikwa mkono kama mtoto, akanipapasa uso akaniambia, "Kesho kutwa nitamwona Mwanaidi kafanana na nani."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ilikuwa adabu. Kwamba nililelewa hivyo, siwezi kumrudisha mgeni. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka daktari yule atue kwa sababu nilitaka mama yangu aone. Nilitazama jua limetoka, nikajiambia mpaka saa nne patakuwa pamekauka, na kama hapajakauka Kapteni ni hodari, atasimama kabla ya jiwe la saba. Nikauweka ujuzi wake mahali pa kazi yangu. Usije ukamfanyia mtu hivyo, na usikubali mtu akufanyie.

Saa nne kasoro nikasikia redio.

"Hodi kiwanjani."

Nikalitazama kabati. Akarudia, "Mama Mwanaidi, hodi. Au mmehama?"

"Tupo, Kapteni."

"Nasikia mvua imewapitia."

"Imepita. Jua limetoka."

"Basi tunakuja. Daktari hapa anauliza kama kuna chai."

"Chai ipo," nikasema. "Karibu."

Hakuna neno nililosema pale ambalo halikuwa kweli. Ndiyo maana lilinichukua muda mrefu kukiri kwamba nilidanganya.

Upepo ulikuwa umegeuka. Siku zote unatoka baharini na unamkabili anayetua, lakini baada ya mvua ile ulikuwa unatoka bara, unamsukuma mgongoni. Mfuko ulionyesha hivyo, nami niliuona, na naamini yeye aliuona akachelewa. Alikuja kwa mwendo. Nikahesabu mawe kama nilivyozoea. Akapita la kwanza yuko juu. Akapita la pili yuko juu, ameshuka kiasi kwamba naona magurudumu na kivuli chake vinakaribiana. Akapita la tatu bado hajagusa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba rubani asiyegusa mpaka jiwe la tatu hana kazi tena na ardhi, aongeze injini apae, azunguke aje upya. Nilingoja sauti ya injini. Haikuja. Akagusa karibu na la tano, taratibu mno, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha nikaona pua imeinama na changarawe ikaruka nyuma yake, nikamshukuru Mungu. Kisha changarawe ikakoma. Haikukoma kwa sababu amesimama. Ilikoma kwa sababu amefika kwenye tope.

Sikusikia kishindo kikubwa. Ilikuwa sauti kama ya mlango wa bati. Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka mekoni nyuma ya kibanda, umesimama pembeni yangu umeshika sufuria ya chai.

Alhamdulillahi hakufa mtu. Muuguzi mmoja alivunjika mfupa wa bega, daktari alipasuka paji la uso, gurudumu la mbele likakatika na mapanga ya injini yakapinda kama majani. Kapteni alitoka wa mwisho. Alinikuta nimefika na baiskeli, naita majina ya watu nisiowajua. Akaniambia, "Wote wametoka, Mama Mwanaidi. Kaa chini."

Sikukaa. Nilirudi hapa kibandani. Watu wakifunga majeraha, wewe ukigawa maji, mimi nilifungua daftari la kiwanja, na pale ambapo asubuhi sikuandika kitu nikaandika: Mwisho wa bahari umelowa. Rubani ameambiwa. Nikaweka saa ya kabla ya ndege kutua.

Walikuja watu wa uchunguzi baada ya siku mbili, wanaume wawili wapole. Walipima alama za matairi, wakapiga picha, wakasoma daftari. Mmoja akaniuliza mbele ya Kapteni, "Mama, ulimwambia kwa redio?"

Nikasema, "Nilimwambia."

Kapteni Sudi alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ndiyo maana hata leo siwezi kuliweka jicho lile mahali. Kisha akawageukia wale watu, akasema, "Kama mama anasema aliniambia, basi mimi sikusikia. Redio ilikuwa na mkwaruzo."

Redio ilikuwa safi, Mwanaidi. Tulikuwa tumesikilizana mpaka habari ya chai.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Waliandika kwamba rubani aliarifiwa akaendelea kutua. Waajiri wake wakamwacha, na wengine hawakumchukua, maana nani humchukua rubani asiyesikia. Alihamia Kilwa Masoko, akaanza kutengeneza injini za boti. Mikono iliyokuwa ikishika usukani wa ndege sasa ina grisi ya boti za wavuvi, na haijawahi kunyoosha kidole kunionyesha.

Kabla ya kuhama alikuja kuchukua begi lake lililobaki hapa. Nikadhani sasa ataniuliza. Akasema tu, "Twende tukaangalie." Tukatembea, tukaanzia mtaroni tukirudi nyuma, tukizifuata alama za matairi ambazo jua lilikuwa limezikausha zikawa kama zimechongwa. Alinionyesha mahali magurudumu yalipoteleza katika tope, michirizi miwili mipana isiyo na meno ya tairi. "Hapa breki hazina kitu cha kushika. Hapa ningebana, ningeachia, ndege ni ile ile, inakwenda tu." Tukarudi nyuma mpaka kwenye changarawe. Akainama. "Na hapa, unaona? Hapajachorwa kitu. Nilikuwa nimegusa, lakini bawa lilikuwa bado linabeba ndege. Ukibana breki wakati bawa linabeba, unabana hewa. Ndege inatakiwa ikae kwanza, uzito wote uwe juu ya magurudumu. Mimi niliipakata. Nilitaka daktari asishtuke."

"Ulitaka kuwa na adabu," nikasema.

"Nilitaka kusifiwa," akasema. "Mtu akishuka akuambie hata sikujua kama tumefika. Kutua kuzuri siku ya mvua ni kule kunakomtoa mtu chai mkononi. Unaiweka chini kwa nguvu pale pa kwanza, inaketi, pua chini, unabana mara moja bila kungoja, na barabara yote iko mbele yako."

Tukafika jiwe la tano. Akasimama hapo. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Mama Mwanaidi, ulikuwa unajua kwamba kule kumelowa?"

Nikasema, "Sikujua."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea chenji yake. "Basi," akasema. "Mimi nilipita jiwe la tatu. Ningepaa pale, tope lako lisingenihusu."

Alisema tope lako. Nadhani alijua. Nadhani aliniuliza ili anipe nafasi, nami nikaipita kama yeye alivyopita jiwe.

Hiyo ndiyo habari. Ni ya watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na pa kusimama, na kila mmoja aliona haya. Mimi niliona haya kumwambia mgeni asije. Yeye aliona haya kupaa tena, abiria wakauliza kulikoni. Kosa lake halifuti langu, na langu halifuti lake, lakini la kwake liliandikwa na la kwangu halikuandikwa.

Na Bibi yako. Daktari alirudishwa Dar siku ile ile kwa gari, bandeji kichwani. Foleni ikavunjika. Waliahidiwa daktari mwingine, akaja baada ya mwaka mmoja na nusu, na Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ulimwogesha miguu siku zake za mwisho, akakupapasa uso akasema umefanana na mimi mama yako, na wewe ukamwambia, "Bibi, mimi mzuri zaidi," akacheka. Hakuwahi kukuona. Kama ningetandika vile vitambaa, Kapteni angekwenda kutua Mtwara kwenye lami, daktari angepanda gari, na kabla ya alasiri angekuwa hospitalini. Kuchelewa kwa nusu siku. Nilikuwa na haraka ya nusu siku, nikaipoteza yote.

Nimefikiri sana nikuombe nini kutokana na haya, na nimeona nisikuombe mengi. Huko watakufundisha vipimo vya umbali, uzito na mvua, navyo uvisome kwa bidii. Mimi nakuomba ujiangalie siku ambayo kila mtu ndani ya ndege anataka kufika, na aliye chini anataka ufike, na wewe mwenyewe unataka kufika kuliko wote. Siku hiyo uliza swali lako mara mbili. Usiulize kama mvua imepita. Uliza, umekanyaga mwisho wa njia kwa mguu wako, na mguu ulizama kiasi gani? Mtu wa chini anaweza kukukaribisha kwa mapenzi matupu. Na kama hujagusa pale ulipojiwekea, paa. Usitafute neno la kuwaambia abiria kwanza. Paa, neno litakuja ukiwa juu.

Kesho ulitazamia nikuage hapa barabarani basi likitoka Lindi. Sitakuagia hapa. Nimekata tiketi mbili, na ya kwangu inaishia Nangurukuru. Unajua kwamba Kapteni atakuwa pale njiapanda kukupa mkono wa safari; amenipigia simu jana akauliza saa ya basi, na akauliza kama bado unakula karanga. Basi mimi nitashuka nimwambie, kwa mdomo wangu, mchana, mbele ya wauza korosho. Nitamwambia kwamba nilijua. Nimeandika na barua nyingine, ya ukurasa mmoja, kwa ile ofisi iliyofanya uchunguzi, na daftari lile nimelifunga gazetini niende nalo. Huenda wakaninyang'anya funguo za kibanda hiki. Nimekitazama leo kwa jicho hilo, meza, redio, kiti chenye mguu wa kamba. Nitakikumbuka. Lakini nimekaa humu miaka kumi nikiwaambia marubani hali ya njia, na kila nikiibonyeza redio nasikia sauti yangu ikisema jua limetoka.

Sijui Kapteni atasema nini. Hanidai maneno mazuri. Sijui na wewe utasema nini, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu yeye nimezoea kuishi mbali naye na wewe sijazoea. Nitakuwekea barua hii chini ya mto kabla hujarudi kutoka Mtanda. Isome ukiwa peke yako. Kama asubuhi hutaki nikae kiti cha pembeni yako, chukua cha dirishani uweke begi lako kwenye kile kingine, mimi nitakaa nyuma, sitakuuliza. Nangurukuru nitashuka tu.

Nitarudi na basi la jioni. Nyumba itakuwa na sahani moja. Nimejaribu kuijengea picha akilini ili isinishtue, lakini kila mara nakuta nimeweka na yako. Watu wa redio wananiita Mama Mwanaidi, na wataendelea kuniita hivyo wakati Mwanaidi mwenyewe hayupo, nami nitaitika.

Liko jambo moja ninalolitumaini, na nalisema kwa sauti ndogo. Kwamba siku moja, kama Mungu akipenda na kama nitakuwa bado na funguo, redio hii itakwaruza na nitasikia sauti ninayoijua ikisema hodi kiwanjani. Nitakuwa nimeingoja miaka. Nitakuwa nimepika. Nitataka utue kuliko nilivyotaka daktari yule atue.

Leo nimevifua vile vitambaa vyekundu. Vilikuwa vimekaa kabatini na vimeanza kufifia kwenye mikunjo. Viko kwenye kamba, vinakauka haraka na upepo huu. Siku hiyo nitakuwa nimetembea mpaka mwisho wa bahari, nimevua ndala. Kama kisigino kitazama, nitakuambia, usije, nenda Mtwara, nami nitapanda gari nikufuate huko. Ukipita juu ukaviona vimetandikwa, ujue ni mimi niko chini pembeni yake, nakutazama unavyokwenda.

Mama yako